Mama Alivyotegua Mitego ya Kibira

Murukulazo,
Ngara.
9 Septemba 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Bukuru,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta umeshavua mabuti na umekaa kitini, maana ni ndefu, na kuna mahali ukifika utahitaji kiti. Mimi ni mzima wa afya. Baba hajambo, kikohozi cha kiangazi kimemwachia, na sasa amerudia ugomvi wake na mbuzi wa jirani. Mama ni mzima kuliko sisi wote, na habari zake ndizo zilizonifanya nitafute karatasi. Wifi hajambo? Watoto je? Ndizeye ameshaota yale meno ya mbele, au bado anacheka kama mzee? Huku migomba imechoka na jua lakini haijafa. Mahindi tumevuna, mbegu za maharage zinangoja mvua.

Najua utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mama ndiye aliyeagiza. Amesema kwenye simu mtu akikasirika anakata, lakini barua hata akiitupa chini, baada ya muda ataiokota amalizie. Kwa hiyo kaka, ukiitupa, uiokote.

Nianze na kosa dogo ili kubwa likukute umezoea. Unakumbuka ile wiki ya Agosti ulipompigia baba mara tatu ukimuulizia mama, naye akakwambia mama na mimi tuko Kanazi kwenye semina ya akina mama? Hakukuwa na semina yoyote. Baba unamjua, uongo haumkai mdomoni. Mara ya kwanza alijibu vizuri kwa sababu nilikuwa nimemfundisha. Mara ya pili akasahau jina la Kanazi. Mara ya tatu, amekiri mwenyewe, alianza kupuliza kwenye simu ili udhani mtandao unasumbua. Usimlaumu. Mimi na mama tulikuwa Burundi, kwenye milima ya Kibira.

Ndiyo, Kibira ileile uliyomkatalia wakati wa Pasaka. Ulisema goti lake halifai kwa milima, mpaka una usumbufu, na kwamba angoje likizo yako ili umpeleke wewe mwenyewe kwa gari. Maneno yako yalikuwa ya mtoto mwema, na mama alikushukuru mbele yangu. Lakini kaka, shida ilikuwa hapohapo. Mama hakutaka kwenda na wewe. Kwa nini, utaona.

Mambo yalianza Julai, siku ile ulipopiga simu ukiwa na furaha hata sauti inapasuka. Ulituambia wanataka kuandika habari zako kwenye jarida la kazini, askari wa uhifadhi aliyeng'oa mitego mingi kuliko wenzake, na kwamba wewe umewaambia ulinzi wa msitu uko kwenye damu, kwa sababu babu yetu mzaa mama, mzee Ndizeye, alikuwa mlinzi wa msitu wa Kibira tangu enzi za wakoloni. Ukamwomba mama akukumbushie kila kitu: alianza mwaka gani, alikuwa kituo gani, alivaa nini. Mama akajibu, "Sawa mwanangu, nitakumbuka." Akanirudishia simu.

Tangu siku hiyo hakuwa sawa. Aliweka chumvi mara mbili kwenye uji. Alikaa barazani akichambua maharage ambayo mimi nilikuwa nimeshayachambua jana yake. Baba alidhani ni malaria, akataka kumpeleka zahanati. Siku ya nne akanifuata senta, kwenye cherehani yangu, nimezungukwa na sketi za shule ambazo nilikuwa nimeahidi kuzimaliza kabla shule hazijafunguliwa. Akasimama hadi nikaacha kukanyaga. Akasema anataka kwenda Kibira kabla mwandishi wako hajafika. Nikamuuliza aende na nani. Akasema na mimi. Nikamuuliza, na Bukuru je? Akasema, "Bukuru hapana." Kwa namna alivyolitamka, kaka, nilikunja sketi nikaziweka kwenye mfuko.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi. Bodaboda ilitufikisha barabara ya lami, gari dogo likatupeleka Kabanga, na mpaka tukauvuka kwa miguu, hati zetu za muda mkononi. Afisa wa upande wa pili alimuuliza mama anakwenda kumwona nani. Mama akamjibu kwa Kirundi kwamba anakwenda kuuona msitu. Yule afisa akamtazama usoni, akatazama goti lililofungwa bandeji, akagonga muhuri.

Mjini Ngozi tulikaa siku moja zaidi kwa sababu mafuta ya magari yalikuwa hayapatikani. Mimi nilinung'unika. Mama alikwenda sokoni akarudi amechangamka. Wauza maharage walikuwa wamemwambia Kirundi chake ni cha zamani mno, anaongea kama bibi zao waliokwisha kufa, na wakawaita wenzao waje wamsikilize. Mama alisema miaka hamsini huku kwetu watu wamemwambia Kiswahili chake kina Kirundi ndani, na sasa kule wanamwambia Kirundi chake kina kaburi ndani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tukala ndizi na maharage, tukalala nyumba ya wageni ya parokia, na kesho yake tukapata basi la Kayanza, kisha gari la kupanda Rwegura.

Sasa kaka, wewe ni mtu wa porini, lakini pori lako ni la nyasi na ziwa na vilima vya mwendo mpole. Kule ni kitu kingine. Gari lilipanda, likapanda, mpaka masikio yangu yakaziba. Baridi ikaingia. Chai imepandwa kilima baada ya kilima, imekatwa usawa mmoja kama nywele za wanafunzi wa bweni, halafu ghafla, bila uzio wala onyo, chai inaisha na msitu unaanza. Ni kama ukuta, mweusi kwa chini na juu umefungwa kitambaa cha ukungu. Mama aliomba dereva asimame. Alishuka, akaunyooshea mkono ule ukuta kama mtu anayemsalimia mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha akasema, "Umekuwa mdogo." Nikamwambia labda yeye ndiye aliyekua. Akanijibu kwamba hapana, ulifika pale, akaonyesha nyuma yetu kabisa, kwenye chai.

Ofisini tulipewa mwongozaji, mama wa miaka arobaini hivi anayeitwa Nkeshimana, mnene kidogo, mwenye viatu vya mpira na panga dogo kiunoni. Mwanzoni alitukabidhi maneno anayowapa wageni wote, na mimi nitakugawia kidogo kwa sababu najua utapenda. Zamani, alisema, huu ulikuwa msitu wa wafalme. Wafalme wa Burundi waliwinda humu, na mtu wa kawaida hakuingia na shoka. Wakoloni wakaufanya hifadhi yao, na miaka ya themanini ukawa hifadhi ya taifa. Tembo walikuwepo, hawapo tena. Kilele cha juu kinapita mita elfu mbili na mia sita. Upande wa kaskazini msitu unavuka mpaka na kuendelea Rwanda bila kumuuliza mtu hati. Na ule mgongo wa mlima ndio unaogawa maji: mvua ikianguka huku inakwenda Mto Nile, ikianguka kule inakwenda Kongo. Mama aliposikia hivyo akafungua chupa yake ya maji, akamwaga kidogo huku na kidogo kule, akasema wagawane wasigombane.

Nkeshimana alimpenda kuanzia hapo. Na baada ya nusu saa akaanza kumwogopa.

Maana mama alianza kumwambia vitu. Mti mkubwa ulioanguka njiani, mwongozaji alitaka kututajia jina la kitaalamu, mama akasema huo ni umuyove, na gome lake huchemshwa kwa ajili ya tumbo. Tulisikia ndege akikoroma juu kama mlango mbovu. Nikaruka, ninakiri. Mama akasema ni shorobo, na kwamba akilia hivyo mara tatu na kunyamaza kuna mtu mwingine anapita chini. Tukasimama, na kweli, kundi la mbega lilipita kwenye matawi, weusi kwa weupe, mikia inaning'inia kama taulo zilizoanikwa. Mbele kidogo tukaona viota vya sokwe, majani yaliyokunjwa juu ya mti. Nkeshimana akasema ni vya wiki iliyopita. Mama akanusa chini ya mti, akasema ni vya jana. Mwongozaji akainama, akaangalia kinyesi, akakubali. Akamuuliza mama alizaliwa wapi. Mama akataja kilima ambacho sasa ni chai. Akamuuliza alikuwa na umri gani alipoondoka. Mama akasema miaka kumi na moja, mwaka ule wa sabini na mbili.

Nami, kaka, nilikuwa natembea nyuma yao nikijivuna. Nilimwambia Nkeshimana kwa Kirundi changu kibovu kwamba asishangae, baba wa mama alikuwa mlinzi wa msitu huuhuu. Mama hakugeuka. Aliongeza mwendo tu, na goti lake lile.

Tulipofika kwenye mianzi ndipo tukasikia. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha mtoto mchanga aliyechoka kulia. Nkeshimana akakatisha kushoto na panga lake, sisi nyuma yake, na tukamkuta: funo mdogo, jamii ya paa, mwenye paji jeusi, amenaswa mguu wa mbele kwa waya wa breki ya baiskeli. Waya umefungwa kwenye mti mchanga uliopindwa, na kila akijitupa, mti unavuta na waya unazama. Damu ilikuwa imefika kwenye kwato.

Nkeshimana akataka kuukata ule mti kwa panga. Mama akamshika mkono. Alimwambia akiukata kwa pigo utaruka na mguu utakwenda nao. Akataka koleo. Nkeshimana hakuwa nalo. Lilikuwa na wenzake wa doria upande wa pili wa mlima. Basi mama akavua kitenge chake cha mabegani, akamrushia yule mnyama kichwani, na mnyama akatulia palepale kama taa iliyozimwa. Kisha akaniita. "Ciza, njoo ukalie huu mti." Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia kwa ukali, kwa ile sauti ya kuitwa kuchota maji. Nikaukalia, kaka. Mimi, fundi cherehani wa Murukulazo, na sketi yangu nzuri, nimekalia mti uliopindwa kileleni mwa Burundi, huku nautetemesha kwa woga. Mama akapiga goti, lile goti, akapitisha vidole viwili ndani ya kitanzi, akasukuma waya mbele badala ya kuuvuta nyuma, akauzungusha mara moja, na kitanzi kikafunguka. Ilichukua muda wa kuvua bangili tu. Akamfunua macho yule funo. Alilala kidogo, akatutazama, akasimama kwa miguu mitatu, kisha minne, akaingia kwenye mianzi.

Mimi nilianza kupiga makofi. Wenzangu hawakupiga. Mama alikuwa anakunja ule waya kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, taratibu, kama mtu anayekunja uzi nyumbani kwake. Akasema bila kumtazama mtu kwamba kuna mwingine hatua kama kumi na mbili juu, mkono wa kushoto, na mwingine pale njia inapobana kabla ya maji. Nkeshimana akaenda. Alirudi na nyaya mbili. Tukapata mitego mingine mitatu kwa jinsi hiyohiyo, mama akielekeza kwa fimbo, bila kukosea hata mmoja.

Hapo Nkeshimana akamuuliza, kwa heshima sana, alijifunza wapi.

"Kwa baba yangu," mama akasema.

Kaka Bukuru, hapa ndipo penye kiti.

Tulikaa juu ya gogo. Mama akagawa viazi vitamu vya kuchemsha tulivyobeba, akala chake chote kwanza, na ndipo akasema. Babu Ndizeye hakuwahi kuwa mlinzi wa msitu. Alikuwa mtega nyaya. Tena hodari kuliko wote wa kilima chao. Shamba lilikuwa dogo na midomo ilikuwa minane, na nyama ya Kibira ndiyo iliyowalea. Mama alikuwa mtoto wake wa tatu, mwembamba, mwenye mikono midogo, na tangu ana miaka saba babu alikuwa anamtuma alfajiri kwenda kukagua mitego, kwa sababu mlinzi akimkuta mtoto atadhani anaokota kuni. Kwa hiyo zile njia alizotusimulia utotoni mwetu, ile mito, wale ndege, alivijua kwa kukagua mitego, na hakuna doria yoyote aliyofuatana nayo.

Lakini mlinzi alikuwepo. Mmoja. Mtu mrefu mwenye kofia ya kaki, aliyemwinda babu kwa miaka. Aling'oa mitego yake, alimkamata mara mbili, mara ya pili akamfunga kamba akampitisha kilimani watu wakimwona. Nyumbani kwao mama jina lake halikutajwa, aliitwa tu Yule. Mama alimwogopa kuliko chui.

Mwaka ule wa sabini na mbili, mauaji yalipoanza, watu walikuja wakamchukua babu akiwa shambani, na hakurudi. Mama hakusema zaidi ya hapo na mimi sikumuuliza. Shangazi yake akamshika mkono wakakimbilia msituni, mvua inanyesha, na siku ya pili wakakutana uso kwa uso na Yule. Mama alidhani sasa ndiyo mwisho. Yule mtu alimtambua, alijua kabisa ni binti wa nani. Akawauliza kama wamekula. Kisha akawaongoza siku tatu, kwa njia ambazo hata mama hakuzijua, akiwatangulia na kurudi kuwachukua, mpaka wakatokea upande wa Rwanda. Walipoagana akavua kofia yake akamvika mama kwa sababu ya mvua. Akageuka, akarudi msituni. Hawakumwona tena, na mpaka leo mama halijui jina lake.

Baada ya mwaka mmoja walifika Ngara. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alimwona ana kofia kubwa ya kaki, akamuuliza baba yake alikuwa anafanya kazi gani. Mama akasema, "Mlinzi wa msitu." Neno lilimtoka tu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, baba hana, na ile kofia ndiyo mali yake yote. Baadaye akaolewa na baba, akamwambia hivyohivyo. Mkazaliwa nyinyi mapacha, nikazaliwa mimi, naye akatusimulia hivyohivyo. Wewe ukakua ukisema utakuwa kama babu. Kila ulivyozidi kusema, yeye alizidi kushindwa kurudi nyuma. Siku ulipovaa sare kwa mara ya kwanza, alisema, alilia, na sisi tukadhani ni furaha. Ilikuwa ni furaha, akasema, lakini pia alikuwa ameona ile sare mbele yake, na mwanawe ndani yake, na akajua sasa hawezi tena kusema. Na uongo wa mdomoni angekufa nao, ila wa kuchapishwa kwenye jarida aliona hawezi.

Kwa hiyo tulikwenda Kibira kuuliza jina la Yule. Mama alitaka angalau mwandishi wako apewe jina la kweli.

Nkeshimana alitupeleka kwa mkubwa wao ofisini, mwanamume mtulivu mwenye miwani. Mama alisimama mbele ya meza yake akamwambia yote, akaweka zile nyaya sita juu ya makaratasi yake, na akasema kama kuna adhabu ya mtoto wa mtega nyaya, yuko tayari. Yule bwana hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alimpa kiti. Akatafuta kwenye makabati, akawapigia watu wawili wazee, mmoja alistaafu zamani. Orodha za walinzi wa miaka hiyo hazipo, hakuna ajuaye zilikokwenda. Mzee mmoja alikumbuka kofia, lakini walinzi wote walivaa kofia. Jina halikupatikana. Mama akasema basi, ameuliza, na mahali pa kuuliza ni pale.

Kisha yule bwana akamuuliza kama goti lake lingeweza siku mbili zaidi. Kaka, mama yako amefanya doria! Walimpa viatu vya mpira vilivyomzidi, akajaza majani mbele. Alitembea katikati ya askari sita, akiwaonyesha mtega nyaya anavyofikiri: kwamba hatafuti mnyama, anatafuta mahali ambapo mnyama hana njia nyingine, kwamba anatega kwa mstari kwa sababu atakagua kwa haraka, kwamba jani lililogeuzwa tumbo juu halijageuzwa na upepo. Waling'oa mitego kumi na tisa. Jioni ya pili askari walimwimbia, naye akacheza, goti na vyote, na mimi nina picha kwenye simu nitakuonyesha.

Tuliporudi, ilibidi tumwambie na baba. Mama alimsimulia jikoni, baba amekaa kwenye kigoda chake, mimi nimejifanya napika. Nilitegemea atakasirika, miaka yote hiyo ya ndoa. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Yule nguruwe pori aliyekuwa anamaliza mihogo yetu mwaka wa themanini na tatu. Uliniambia amekufa kwa ugonjwa." Mama akatazama chini, akasema hakuwa mgonjwa sana. Baba alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda, na tangu siku hiyo jirani mwenye mbuzi akipita, baba anamwambia awe mwangalifu na mama yetu.

Lakini wewe si baba. Wewe umejijenga juu ya jambo hili, na mtoto wako ana jina la babu, na umewaambia wakubwa wako kuhusu damu. Najua litakuuma. Nilimwambia mama kwamba utaona aibu mbele ya wenzako. Amesema aibu ni yake, akiombwa atakuja kuisema mwenyewe mbele ya mwandishi, na kwamba jina la Ndizeye lisiguswe, maana babu alikuwa baba mwema aliyelisha watoto kwa kile alichokijua. Mimi nina langu moja tu la kuongeza. Nilipomwona akiwa amepiga goti pale kwenye mianzi, sikuona uongo wowote. Nilimwona mtu anafungua waya.

Barua hii nampa Jovitus wa duka la dawa za mifugo, anakuja Biharamulo Alhamisi. Sisi tunakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, mimi na mama. Hatukuulizi kama tuje. Mama amesema kama umekasirika, kasirika palepale stendi watu wakiona, umalize, halafu umpokee mzigo wake kwa sababu ni mzito: amebeba ndizi, maharage mapya na vile viatu vya mpira. Anataka umpeleke kwenye pori lenu. Anasema mitego mnaitafuta kwa macho tu, si kwa akili ya mtega, na wenzako wote watembee nyuma yake angalau siku moja.

Pacha wako Butoyi bado hajui. Utamwambia wewe, nyinyi mmezoea kupigiana kelele na kupatana kabla ya chakula. Wifi msalimie sana, mwambie gauni lake nimemaliza, nimeacha kitambaa kidogo kiunoni akitaka kuongeza. Watoto uwabusu. Baba anakusalimu, anasema samahani kwa kupuliza simu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ciza

Kaka, nilikuwa nimeshafunga bahasha, mama akaniambia nifungue. Ameomba kalamu. Haya ya chini ni ya mkono wake mwenyewe, nimeyaacha kama alivyoandika:

*Bukuru mwanangu. Katika maisha yangu yote nimeona mrinzi wa msitu mmoja tu. Wa piri ni wewe. Mama.*